Ubeti wa Tatu wa Narcisse

Jumamosi, 2 Machi

Leo tumemzika fundi saa wa Mbugangari. Mvua ilianza padri alipofungua kitabu na haikukatika mpaka udongo wote uliporudishwa. Kwaya iliimba chini ya turubai, sauti ya pili wakisongamana upande mmoja kwa sababu upande wa pili ulikuwa unavuja. Tenori walishuka kidogo na hawakupanda tena hadi mwisho wa wimbo. Waombolezaji hawakutambua. Mimi nilitambua, nikarudi nyumbani na hasira ambayo mke wangu, Ingabire, amekataa kuisikiliza.

Mshahara wangu unatoka shuleni, ninakofundisha hesabu. Lakini hapa Gisenyi wengi wananijua kwa misiba. Mtu akifa parokiani, familia huja nyumbani na wimbo aliokuwa akiupenda, mara nyingi wakiukumbuka nusu, nami naupangia sauti nne ili kwaya iuimbe kaburini. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Niliingia nchi hii mauaji ya mwaka wa tisini na nne yalipokuwa yamekwisha. Kwa hiyo karibu wote ninaowaimbia kila Aprili, tunapowakumbuka waliouawa, sikuwahi kuwaona. Na ndiyo sababu ninaandika kwa Kiswahili: ni lugha niliyofundishwa kuandikia.

Baada ya mazishi Donatille alinisubiri mlangoni mwa kanisa. Anauza vitenge sokoni, anaimba sauti ya kwanza. Katika nyumba yao alinusurika peke yake. Kaka yake, Narcisse, alikuwa mwalimu na kiongozi wa kwaya ya hapa kabla ya mwaka wa tisini na nne; walimuua, na mwili wake haujapatikana hadi leo. Kila mwaka, kwenye misa ya kumbukumbu, Donatille husimama peke yake, bila kinanda, na kuimba wimbo wa maziko aliotunga kaka yake. Karatasi ziliteketea pamoja na nyumba. Uliobaki ni ule anaoujua yeye.

Mwaka huu inatimia miaka thelathini, akaniambia. Anataka uimbwe kwa sauti zote nne, kama ulivyokuwa. Amekuwa na kikohozi tangu Krismasi.

"Sauti yangu inakwisha, Mwalimu. Nataka nikae chini niusikie."

Nilikubali bila kufikiri. Ni kazi ninayoijua.

Jumanne, 5 Machi

Nilimwomba Donatille aimbe nami nikaandika. Beti mbili za Kinyarwanda, kila mmoja mistari minne. "Mpokee, Bwana, aliyechoka njiani, mikono mitupu, miguu ina vumbi." Ni wimbo wa kwenda taratibu, hauna madoido. Aliyeutunga alijua kazi yake.

Siku tatu nimekaa nao, leo tumeujaribu mazoezini. Kwaya waliupenda. Donatille alisikiliza akiwa amesimama kando, kitenge kimefunika mdomo.

"Ni mzuri," akasema. "Lakini sio wenyewe."

Alisema ni besi. Besi ya Narcisse haikutembea hivi. Ilikaa mahali pamoja, ikawaacha wengine wazunguke, halafu mwishoni ndipo inashuka. Nikamwomba aniimbie. Hakuweza. Alikuwa msichana, alisimama mbele, wanaume walikuwa nyuma ya mgongo wake.

Jack, anayeongoza besi, ni mtu wa Masisi, Kongo, na anauza vipuri vya pikipiki. Alinivuta pembeni. "Mwalimu, kazi yako iko muzuri. Acha vile. Nani atajua?"

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Mazishi ya mtoto. Nyimbo mbili tu, familia haikutaka zaidi.

Jumanne, 12 Machi

Nimeleta mpangilio mwingine, besi imekaa kama alivyoeleza. Akatikisa kichwa tena. Nilichoka. Nilimwambia mbele ya watu kwamba siwezi kuandika kitu asichokikumbuka yeye mwenyewe, na kama yuko anayekijua, amlete.

Alikaza kitenge chake begani. Kisha akasema, "Wanaume wote waliouimba wamekufa, isipokuwa mmoja. Na huyo usinitajie."

Nimemwona tangu zamani kama mwanamke mgumu, wa kugombea viti na zamu za kupamba altare. Leo nimemkasirikia kweli.

Nilimuuliza Padri Wellars ni nani huyo. Anaitwa Evode. Aliimba besi. Alihukumiwa na gacaca, mahakama ya wanakijiji, kwa kusimama kwenye kizuizi cha barabarani ambako watu waliuawa, na ametoka gerezani mwaka jana. Anashona nyavu Rubona. Walipomuuliza kuhusu Narcisse, alijibu kwamba mara ya mwisho kumwona ilikuwa misa ya Pasaka, kabla mambo hayajaanza. Padri hakuniambia niende wala nisiende.

Jumamosi, 16 Machi

Nimekwenda Rubona. Sikumwambia Donatille.

Basi dogo liliniacha bandarini. Harufu ya kimea kutoka kiwanda cha bia ilichanganyika na ya sambaza, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa, ambao wanawake walikuwa wakiwafunika haraka kwa sababu wingu lilikuwa limeshuka juu ya ziwa. Evode alikuwa chini ya kibanda, wavu magotini. Nilitarajia mtu wa kutisha. Nilikuta mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, anayesimama anaposalimiwa.

Pale bandarini watu wanaongea Kiswahili cha Kongo, naye alinijibu kwa hicho. Nilipotaja wimbo aliweka sindano ya nyavu chini. Nilisema nahitaji besi tu.

"Narcisse alikuwa ananiambia, Evode, usikimbiekimbie, we uko sakafu," akasema. "Wengine watembee juu yako."

Akaimba. Sauti yake imechakaa lakini haitikisiki. Nilielewa papo hapo kwa nini Donatille alikataa zangu. Besi inakaa pale pale, mstari baada ya mstari, mpaka unaanza kuisahau, halafu katika neno la mwisho inashuka hatua tatu na kuuacha wimbo wote ukiwa mtupu juu yake. Nilikuwa naandika kwa furaha. Ndiyo, furaha. Naandika ukweli.

Alipomaliza ubeti wa pili hakunyamaza. Aliendelea na wa tatu, ambao sijawahi kuusikia kwa Donatille, akaniimbia sauti ya juu kwanza ndipo besi yake. Kwa Kiswahili maneno ni kama haya:

Niko juu, Bwana, mvua inagonga bati,
chini wanapita wakiulizana njia.
Mkumbuke aliyenifungulia mlango;
siku atakapobisha kwako, umfungulie.

Nikadhani ni roho ya marehemu inayosema ikiwa mbinguni. Nikadhani Donatille ameusahau kwa sababu ya miaka. Evode alipofika mwisho alivua miwani akaifuta kwa shati, kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Nilimshukuru. Alinisindikiza mpaka kituoni akaniomba nisitaje jina lake.

Nimerudi nikimpenda mtu huyo. Nimemwambia Ingabire kwamba gereza linaweza kumrudishia mtu utu wake. Aliendelea kukunja nguo.

Jumapili, 17 Machi

Nimeandika nakala safi, beti tatu. Sijawahi kupanga kitu kizuri kama hiki, na hata hivyo sikukipanga mimi.

Jumanne, 19 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tulianza na ubeti wa kwanza. Besi walikuwa wamejifunza kwangu nusu saa kabla. Walipoingia, Donatille alikaa kwenye benchi. Machozi yalimtoka bila sauti. Ubeti wa pili, vilevile. Wanakwaya walikuwa wanaimba huku wakimtazama, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa najivuna.

Kisha tukaingia ubeti wa tatu. Kabla mstari wa pili haujaisha alisimama akainua mkono. Tukanyamaza mmoja mmoja.

"Huo umeutoa wapi?"

Nikasema ni ubeti wa tatu, huenda ameusahau.

"Hakuna wa tatu. Mimi ndiye niliyeziandika nakala za kwaya, kwa mkono wangu, wiki ile ya Pasaka. Aliniandikia beti mbili." Alikuwa anaongea polepole, kama anayemweleza mtoto. "Soma tena mstari wa kwanza."

Nikasoma.

"Aliye mbinguni hasikii mvua juu ya bati, Mwalimu. Anayeisikia ni aliye darini. Narcisse aliuandika huu baada ya Pasaka. Alikuwa amefichwa mahali. Nani amekupa?"

Sikuwa na pa kwenda. Nikalitaja jina.

Hakupiga kelele. Alifunga kitenge chake vizuri, akachukua mwavuli, na mlangoni akageuka. Alisema kwamba Evode aliapa mbele ya watu wote hakumwona Narcisse baada ya Pasaka. Alisema amewauliza watu wa Gisenyi yote, miaka thelathini, kaka yake amelala wapi, na kumbe anayejua alikuwa hai muda wote, na mimi nimekwenda kwake kuomba besi.

Akatoka kwenye mvua. Mwavuli hakuufungua.

Jumatano, 20 Machi

Sikufundisha vizuri. Nimemwandikia Donatille ujumbe kwenye simu, nikaufuta. Nikaandika tena, nikatuma: nisamehe. Hajajibu.

Ijumaa, 22 Machi

Mto Sebeya umejaa maji mekundu. Watoto wa bondeni hawakuja shule.

Kila nikikaa kwenye kinanda vidole vinatafuta ule wimbo. Nimekifunika kinanda.

Jumatano, 27 Machi

Donatille alipeleka jambo kwa chama cha manusura, nao wakalifikisha kwa viongozi. Evode ameitwa leo ofisi ya sekta. Mimi niliitwa kama shahidi. Tulikaa katika chumba chenye meza ndefu: viongozi wawili, mpelelezi mmoja, watu wa chama, Padri Wellars, Donatille na binti yake Iriza, mimi, na Evode mwishoni, kofia mkononi.

Niliombwa nieleze nilivyoupata ubeti. Nikaeleza. Evode alikuwa ananitazama bila kinyongo, na hilo lilinisumbua kuliko matusi. Nilianza kufikiri kwamba alijua anachokifanya siku ile bandarini. Besi peke yake ingenitosha. Hakuna aliyemwomba ubeti wa tatu.

Alipoulizwa kama ana la kusema, alimgeukia Donatille. Alianza kwa Kinyarwanda, akashindwa, akaendelea kwa kile Kiswahili chake. Nayaandika kama alivyoyasema.

"Nilimuficha. Alikuja kugonga usiku, nikafungua. Alikaa darini, juu ya plafo, pale jikoni. Mvua ilikuwa inanyesha kila siku. Ile wimbo alikuwa ananifundisha na sauti ya chini, mi niko chini napika. Kisha wakasema watapekua manyumba yote. Mi nikaogopa. Nikamwambia twende Bugeshi, kule juu njia iko, utavuka Kongo. Tulitembea usiku. Tulikuwa karibu kufika. Pale kwenye bariyeri wakaniuliza, huyu ni nani yako?"

Akaigeuza kofia mkononi. Hakuna aliyemsaidia.

"Mi nikasema simujui. Nikasema tumekutana tu mu njia."

Donatille alimuuliza swali moja kwa Kinyarwanda: je, Narcisse alisikia?

"Alisikia. Aliniangalia tu. Hakusema kitu."

Walimuua pale pale, akasema, kisha wakampa yeye jembe, akachimba kaburi. Na kwa kuwa sasa walikuwa wamemshuku, alirudi mjini akasimama kwenye kizuizi kile kilichomfanya ahukumiwe, ili asiulizwe tena. Mpelelezi alitaka kujua kwa nini gacaca hakuyasema. Evode alijibu kwamba ya kizuizi aliweza kuyakiri kwa sababu walikuwa wengi. Ya Narcisse alikuwa peke yake.

Ameahidi kuonyesha mahali.

Nilikuwa nimempenda mtu huyu. Sasa hivi sijui nimweke wapi. Alimfungulia mlango wakati majirani wote walikuwa wamefunga. Kisha akasema hamjui. Yote mawili ameyafanya mtu mmoja, katika majuma yale yale.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Donatille hakuja. Tumeimba Aleluya bila yeye, ikasikika nyembamba.

Jumatano, 3 Aprili

Bugeshi. Baridi ya kule juu inaingia mifupani hata mchana, na volkano haikuonekana kabisa, ukungu umeketi mpaka kwenye mashamba. Niliomba ruhusa shuleni. Donatille hakuniita, lakini aliponiona nimesimama kwenye gari la parokia hakunifukuza. Tulikaa kiti kimoja njia nzima, yeye akitazama nje.

Shamba ni la mwanamke anayeitwa Mama Tuyishime, aliyelinunua miaka mingi baadaye. Limejaa viazi ambavyo havijakomaa. Viongozi walikuwa wanajiandaa kumwomba radhi, naye akawa ameshaanza kung'oa mistari ya kwanza mwenyewe, akivirusha kando vikiwa vidogo kama mayai ya njiwa. Alisema amelima hapa akiimba, akicheka, akimnyonyesha mtoto, na hakuna aliyemwambia.

Evode aliletwa. Alitembea huku na huku. Alisema wakati ule hapakuwa na ukuta huu wa mawe meusi, na njia ilipita mahali pengine. Vijana wakachimba alipoonyesha. Hakuna. Wakachimba alipoonyesha tena. Hakuna. Mvua ikaja, mashimo yakajaa maji, wakayachota kwa ndoo.

Jioni tulirudi mikono mitupu. Donatille alisema sentensi moja kwenye gari, tena si kwangu, kwa Iriza: labda amedanganya tena.

Alhamisi, 4 Aprili

Amepatikana.

Ilikuwa kama saa sita mchana, chini ya ukuta, hatua chache kutoka tulipochimba jana. Kijana mmoja aliacha kuchimba akavua kofia, na sote tukajua. Mtaalamu aliyekuja na viongozi alishuka shimoni. Alisema ni mtu mmoja, mwanamume, kijana. Soli ya kiatu kimoja. Vifungo viwili. Walivipanga juu ya shuka jeupe chini ya turubai.

Evode alikuwa amepiga magoti mbali kidogo, kwenye matope, akionekana kama anaomba, au amechoka tu. Polisi mmoja alisimama karibu naye.

Donatille alikwenda peke yake mpaka kwenye shuka. Alichuchumaa. Alitazama muda mrefu, akagusa soli ya kiatu, akaiacha. Aliporudi alisimama kando yangu, na hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia tangu siku ile ya mazoezi.

"Nilidhani nitamjua," akasema. "Miaka yote hii nilidhani nikimwona tu, nitamjua."

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama jiwe la pale.

Kwa mbali Mama Tuyishime alikuwa anawasha jiko awapikie vijana viazi vile vidogo.

Jumapili, 7 Aprili

Siku ya kwanza ya kumbukumbu. Mji kimya, maduka yamefungwa. Tumetembea, tumewasha mishumaa, upepo wa ziwani ukaizima, tukawasha tena. Kwa mara ya kwanza katika miaka yake yote Donatille hakuimba. Alisema atasubiri siku ya kumzika.

Jumanne, 16 Aprili

Mazishi ni tarehe nne Mei. Leo ilibidi tuamue kuhusu wimbo.

Habari zilikuwa zimeshaenea. Kila mwanakwaya alijua ubeti wa tatu umetoka wapi na unamwombea nani. Jack alisimama wa kwanza. Huwa hasemi sana.

"Mwalimu, beti mbili, sawa. Ile ya tatu mi siwezi. Ule mutu alisema hamujui, halafu sisi tumwombee mlango? Bon, utafute besi ingine."

Belise, muuguzi kijana wa sauti ya pili, akasema hayo si maneno yetu wala ya Evode, ni ya marehemu, aliyaandika akiwa hai, na sisi ni nani wa kumkatia sala yake katikati. Wakaanza kubishana. Mzee wa tenori alisema Narcisse aliomba vile kabla ya kufika Bugeshi. Kama angepata nafasi baada ya Bugeshi, huenda angeomba kingine. Hilo lilinyamazisha wengi.

Padri Wellars alisema si lake kuamua. Nikapiga simu. Donatille alikuja jioni, na watu wote walibaki kumsubiri, hata wenye watoto nyumbani. Alisikiliza pande zote. Anakohoa zaidi.

"Mtaimba beti mbili," akasema. "Hizo alinipa mimi. Wa tatu alimpa Evode. Auimbe mwenyewe, kama anaweza."

Nikamuuliza kuhusu besi, kwa kuwa nayo nimeipata kwa Evode. Niliogopa jibu.

"Besi ni ya Narcisse. Iacheni."

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua, mazoezi. Jack ameimba vizuri kuliko siku zote na hakumtazama mtu.

Jumamosi, 4 Mei

Tumemzika Narcisse.

Jeneza lilikuwa dogo, la zambarau na nyeupe, na lilibebwa na vijana waliozaliwa baada yake. Donatille alikaa kwenye viti vya familia. Viti vilikuwa vingi, familia ni yeye na Iriza, kwa hiyo wanawake wa soko la vitenge walikaa wakavijaza. Mama Tuyishime alishuka kutoka Bugeshi. Evode hakuja; sijui kama alikatazwa au alijikataza.

Niliinua mkono. Soprano waliingia peke yao mstari mmoja, kama Donatille alivyozoea kuimba, kisha wengine wakaja chini yao. Nimesimama mbele ya kwaya kwenye mazishi mengi mno. Huwa nasikiliza makosa. Leo sikusikia hata moja, na sidhani ni kwa sababu hayakuwepo. Besi ilikaa pale pale. Nilimtazama Donatille. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini, anasikiliza, midomo imefungwa. Hakulia. Ubeti wa pili ulipofika neno la mwisho, besi ikashuka zile hatua tatu, nikaona kichwa chake kinashuka nayo.

Nikafunga mkono. Mvua ilikuwa inapiga turubai. Kwaya walijua, na mimi nilijua, kwamba kuna mistari minne ambayo haikuimbwa, na tukasimama hivyo mpaka padri alipochukua maji ya baraka. Kichwani mwangu iliendelea yenyewe. Sikuweza kuizuia.

Baadaye Donatille alinipa mkono akasema asante, Mwalimu. Hilo tu.

Jumamosi, 25 Mei

Nimepita Rubona kwa basi kwenda mazishi ya mke wa mvuvi. Evode alikuwa kibandani, wavu magotini. Uchunguzi wake haujaisha. Wengine wanasema atarudishwa ndani, wengine wanasema hapana. Basi lilisimama muda mrefu kupakia. Ningeweza kushuka nimsalimie. Sikushuka.

Jumanne, 4 Juni

Hakuna mvua wiki nzima. Vumbi limeanza.

Jumamosi, 15 Juni

Mchana huu Ingabire aliniita: kuna mgeni. Alikuwa Donatille, amevaa kama anayetoka sokoni, amekonda. Nilidhani ni msiba. Watu hawaji kwangu kwa jambo lingine.

Alikunywa chai. Aliongea na Ingabire kuhusu bei ya vitenge, kuhusu shule ya Iriza, kuhusu daktari aliyemkataza kuimba kwa nguvu. Ingabire alielewa kabla yangu, akachukua vyombo akatuacha.

"Nifundishe ubeti wa tatu," Donatille akasema. "Si wa kanisani. Nataka tu kuujua. Evode anaujua, wewe unaujua, kwaya nzima inaujua. Dada yake haujui."

Nilikifunua kinanda, kwa mara ya kwanza tangu Machi. Nilimwimbia mstari wa kwanza, naye akaurudia, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayemlaza mtoto. Wa pili. Kwenye wa tatu, ule wa aliyefungua mlango, aliitazama mikono yake. Sikumharakisha. Halafu akauimba wote, bila kuruka neno.

Mstari wa nne alinisimamisha katikati.

"Hapa sauti ya juu Evode ameikosea. Narcisse hakuwa anashuka hapa. Kila akifika mahali kama hapa alikuwa anapanda, ndipo anashuka mwishoni. Ninamjua."

Akaniimbia anavyoamini ilivyokuwa. Alikuwa sahihi. Wimbo wenyewe ulikuwa unaelekea huko. Nilichukua kifutio, nikafuta nota ya Evode, nikaandika yake. Akaitazama karatasi mpaka akaridhika, akakohoa, akaniomba tuuimbe tena kuanzia mwanzo, mimi nikimshikia besi.